Kuruka, Kukwepa au Kuengua? Uhakiki wa Istilahi za Mita za Umeme

Karatasi moja ya maagizo imetufikia kutoka Morogoro ili tuitolee maoni. Ilifasiriwa na ofisi ambayo hatuna haja ya kuitaja, kwa ajili ya wenye majengo ya biashara. Majengo ya namna hiyo ni mengi katikati ya mji ule ulio chini ya Milima ya Uluguru: maduka chini, ofisi au makazi juu, na kila mpangaji na mita yake. Mwenye jengo akitaka huduma zote ziwe moja, chini ya mita kuu moja, mita za zamani hazina budi kutolewa katika njia ya umeme. Karatasi yasema hivi:

«Huduma za jengo zitakapounganishwa, mita zilizopo zirukwe. Waya wa mita sita uondolewe. Swichi kuu ifungwe, kisha ncha za nyaya zipimwe.»

Kwa sarufi, maneno haya hayana kosa. Kwa maana, kila kifungu chaweza kusomwa kwa njia mbili, na baadhi ya njia hizo ni za hatari. Tutavichambua kimoja kimoja.

Kwanza, «kuunganisha». Kwa mwananchi wa kawaida, kuunganishiwa umeme ni kuletewa umeme mahali ambapo haukuwapo. Ndivyo asemavyo mwombaji wa kijijini Matombo na ndivyo aandikavyo karani anayempokea. Mfasiri alikusudia jambo jingine, yaani kuzifanya huduma nyingi kuwa moja. Kwa maana hiyo tunalo neno «kujumuisha», ambalo halina utata huo. Litumike.

Pili, «waya wa mita sita». Je, ni waya unaohudumia mita sita, au ni waya wenye urefu wa mita sita? Kiswahili kimekopa neno moja kwa kipimo cha urefu na kwa kifaa cha kupimia umeme. Wenzetu wa mamlaka za maji wameepukana na tatizo hili kwa kusema «dira ya maji», ingawa dira nayo ina kazi yake ya zamani ya kumwonyesha baharia njia. Hatupendekezi kuliondoa neno «mita» katika umeme, kwa maana limekwisha kuota mizizi. Twashauri tu kwamba kila panapotajwa idadi, iandikwe «mita za umeme» kwa ukamilifu.

Tatu, na hapa ndipo penye hatari ya uhai, ni «swichi kuu ifungwe». Katika fizikia, swichi iliyofungwa ni ile inayoruhusu umeme kupita. Katika lugha ya nyumbani, anayefunga bomba huzuia maji, na anayefunga mlango huzuia watu. Tena, kufunga mita ni kuiweka ukutani, na kuifungua ni kuitoa. Mfasiri alitaka umeme uwashwe ndipo ncha zipimwe. Msomaji ataelewa kwamba umeme umezimwa, naye atazishika ncha hizo kwa mkono. Ikumbukwe pia kwamba umeme hufika kwenye mita kabla ya kufika kwenye swichi kuu ya mteja. Hata swichi hiyo ikizimwa, nyaya zinazoingia kwenye mita hubaki na umeme wa volti 230, au volti 400 baina ya njia mbili katika huduma ya njia tatu. Basi katika maagizo ya kazi, «kufunga» na «kufungua» yasitumike kwa swichi hata kidogo. «Kuwasha» na «kuzima» yanatosha, na hakuna asiyeyajua.

Nne, «zirukwe». Hili ndilo lililotushughulisha zaidi. Kuunga waya unaoingia na waya unaotoka ili umeme upite pasipo mita ni tendo moja kwa macho, lakini ni matendo mawili kwa sheria. Likitendwa na mtumishi wa shirika la umeme, baada ya mita kuu kuwekwa mbele na kuanza kuhesabu umeme wote wa jengo, ni sehemu ya kazi halali. Likitendwa usiku na kishoka kwa ujira mdogo, ni wizi. Neno «kuruka» halituambii ni lipi kati ya hayo mawili.

Wako wanaopendekeza «kuchepusha». Neno hili ni zuri, na wakulima wa Mgeta wanaochepusha maji ya vijito vya Uluguru kwenda kwenye mashamba ya mboga hawahitaji kufundishwa maana yake. Lakini nalo halibagui: achepushaye maji kwa zamu yake na achepushaye kwa zamu ya jirani hutenda jambo lile lile. Isitoshe, «mchepuko» sasa limehamia katika mambo ya unyumba, na darasa zima litacheka kabla mwalimu hajamaliza sentensi.

Sisi twapendekeza maneno matatu. Kwa wizi, tuseme «kukwepa mita», kwa kuwa umma umezoea «kukwepa kodi» na hauna shaka kwamba hilo ni kosa. Kwa kazi halali, tuseme «kuengua mita», yaani kuitoa katika nafasi yake kwa mamlaka ya mwenye mita. Kwa kile kipande cha waya kinachounga pande mbili, tuseme «kivuko», neno lisilomhukumu mtu.

Tumeambiwa kwamba fundi anaelewa hata neno likiwa bovu. Huenda ni kweli, lakini fundi anayeelewa hakuihitaji karatasi. Iliandikwa kwa ajili ya mwenye jengo, mpangaji na mtumishi wa serikali. Tena, tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini. Karatasi iliyoamuru mita «zirukwe» yaweza kusomwa mbele ya hakimu, na mwenye jengo aliyetii maagizo akaonekana amekiri wizi. Naye mwizi aweza kujikinga kwa neno lilo hilo.

Maagizo yale yangeweza kuandikwa hivi: «Huduma za jengo zitakapojumuishwa kuwa moja, mita za umeme zilizopo zienguliwe na mtumishi wa shirika. Nyaya zilizohudumia mita sita za umeme ziondolewe. Umeme uwashwe kwa swichi kuu, kisha ncha za nyaya zipimwe kwa kifaa, zisiguswe kwa mkono.» Ni marefu zaidi, lakini hayamhatarishi mtu.

Mfano wa kufuata tunao. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ni jina linaloeleza kazi ya kifaa bila kuhitaji mfasiri, na limeenea kote nchini. Wasomaji wenye maneno bora kuliko «kuengua» na «kivuko», hasa mafundi na walimu wa ufundi, watuletee hoja zao kabla mapendekezo haya hayajafikishwa kwenye kikao cha usanifishaji.