Hatia ya Kazimoto: Udhanaishi na Jamii katika Kichwamaji

Utangulizi

Tangu riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ilipochapishwa mwaka 1974, jina lake limeandamana na falsafa ya udhanaishi kila inapohakikiwa. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mwandishi huyu aliichukua falsafa ya Wafaransa Jean-Paul Sartre na Albert Camus, akaihamishia katika mazingira ya Ziwa Viktoria, kisha akamwumba Kazimoto, msomi anayeyaona maisha kuwa hayana maana na ambaye mwishowe anajiua. Kwa wahakiki walioongozwa na mtazamo wa Kimaksi katika miaka ya 1970 na 1980, hilo lilikuwa kosa la kiitikadi. Walihisi kwamba wakati Tanzania ilipokuwa ikijenga ujamaa, Kezilahabi alikuwa akihubiri kukata tamaa.

Makala haya yanatoa hoja tofauti. Yanashikilia kwamba Kazimoto, akipimwa kwa mizani ya wadhanaishi wenyewe, anashindwa; na kwamba katika kushindwa huko ndimo unamopatikana mchango wa Kezilahabi katika falsafa hiyo.

Mizani ya Udhanaishi

Katika mhadhara wake maarufu wa mwaka 1945 mjini Paris, Sartre alieleza kwamba kuwako kwa mtu hutangulia kiini chake. Maana yake ni kwamba mwanadamu hazaliwi akiwa amekwisha kupangiwa awe nani. Hujiumba kwa matendo anayoyachagua. Kutokana na msingi huo, uhuru na wajibu havitenganiki. Mtu anayeyatupia maumbile, malezi au majaliwa lawama ya matendo yake anajihadaa, na kujihadaa huko ndiko Sartre alikokukemea zaidi.

Camus, ambaye hakupenda kuitwa mdhanaishi, alishughulikia tatizo linalokaribiana na hilo, yaani ubwege wa maisha: hali ya mtu kuudai ulimwengu maana na ulimwengu ukanyamaza kimya. Hata hivyo, katika insha yake ya mwaka 1942 kuhusu Sisifo, Camus aliutambua ubwege huo, kisha akakataa kwamba kujiua ni jawabu. Kwake yeye, heshima ya mtu imo katika kuendelea kuishi huku akiijua hali yake na kuikaidi.

Ni dhahiri basi kwamba anayesema kuwa Kazimoto anajiua kwa sababu ni mdhanaishi amezichanganya hoja mbili. Camus asingemwidhinisha Kazimoto, wala Sartre asingemwondolea hatia.

Kazimoto na Kisasi

Msuko wa riwaya unaithibitisha hoja hii. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anakutana tena na Manase, rafiki yake wa zamani ambaye sasa ni Mkuu wa Wilaya. Manase anamharibia maisha Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia anapata mimba, na mwisho wake ni kifo. Kazimoto anaamua kulipa kisasi kwa njia ile ile, kwa kumwendea Sabina, dada yake Manase. Kisasi hicho hakimalizikii alikokusudia, kwani wawili hao wanaishia kufunga ndoa. Mtoto wa Manase ana kichwa kikubwa kisicho cha kawaida. Na mtoto wa Kazimoto naye anapozaliwa na kichwa cha namna hiyo hiyo, bila kupata uhai, Kazimoto anajiua.

Jambo la kuzingatia hapa ni uchaguzi. Kazimoto anaposumbuliwa na swali la maana ya maisha, anazungumza kama mtu aliyetupwa duniani bila hiari yake. Lakini alichagua kisasi kwa hiari. Alimchukua Sabina, mtu asiyehusika na kosa la kaka yake, akakusudia kumfanya chombo cha kumwumizia Manase. Kwa tendo hilo alijifanya Manase wa pili. Kufanana kwa watoto wao ni ishara ya wazi ya kufanana kwa baba zao.

Huenda mhakiki akapinga kwamba ugonjwa hauchaguliwi, na kwamba kichwa cha mtoto ni dalili ya majaliwa yasiyoepukika. Pingamizi hili lina uzito, lakini halitoshi. Katika riwaya hii ugonjwa haushuki kutoka mbinguni. Unafuata mienendo ya wanaume wawili wasomi katika mahusiano yao na wanawake. Jina la riwaya lenyewe lina maana mbili, ya maradhi na ya mtu asiyetumia akili, na maana hiyo ya pili inamhusu baba kuliko mtoto.

Mtu ni Watu

Hapa ndipo Kezilahabi anapoachana na Wafaransa. Meursault, mhusika mkuu wa riwaya ya Camus iliyotoka mwaka 1942, anaweza kuishi kama mtu pekee. Mama yake amekufa na uhusiano wake na wengine ni hafifu. Kazimoto hana nafasi hiyo. Kila anachokitenda kinamgusa dada, mzazi, mke au mtoto. Wahenga walisema mtu ni watu, na Kezilahabi anaugeuza usemi huo kuwa swali gumu: ikiwa mtu ni watu, uhuru wa mmoja unaishia wapi? Wanaoulipia uhuru wa Kazimoto na Manase ni Rukia, Sabina na watoto.

Aidha, riwaya inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe. Msomaji anayeichukulia sauti ya msimulizi kuwa ndiyo ya mwandishi anakubali utetezi wa mshtakiwa bila kuuliza maswali. Kazi za baadaye zinashuhudia kwamba Kezilahabi hakukwama alipokwama mhusika wake. Katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alichunguza falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi. Na katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) aliiacha riwaya ya kihalisia, akalitafuta jibu katika visasili.

Hitimisho

Kezilahabi alifariki Januari 2020, lakini swali la Kichwamaji halikufa naye. Kwa wanafunzi na walimu wa fasihi hapa Eldoret, kama ilivyo katika vyuo vikuu vingine vya Afrika Mashariki, riwaya hii haiwezi kusomwa kwa mbali. Kazimoto ni mtoto wa kijijini aliyepelekwa chuoni kwa matumaini ya ukoo mzima, akarejea akiwa na maneno mengi ya kuueleza utupu wa maisha na bila neno hata moja la kumwokoa Rukia. Uhakiki unaoishia kuonyesha kwamba Kezilahabi aliathiriwa na Sartre unamkinga msomi na shtaka hilo. Uhakiki unaofaa hauna budi kumwuliza Kazimoto swali ambalo udhanaishi wenyewe ungemwuliza: ulipokuwa huru kuchagua, ulichagua nini, na ni nani aliyelipa gharama yake?