Mafundi wa Ndege Ndogo wa Port Reitz

Kwenye Uwanja wa Ndege wa Moi, hapa Port Reitz, macho ya wengi hufuata ndege kubwa za watalii. Mimi nawaheshimu mafundi wa ndege ndogo za pistoni. Injini ikianza kukohoa, wao ndio hutafuta maji au uchafu ulikoingilia kwenye petroli. Kwa unyevu wa pwani hii, tangi lililolala nusu tupu hutoa jasho ndani. Mpira wa kifuniko ukichakaa, mvua ya masika nayo hupenya.

Fundi huinama chini ya bawa na kukinga petroli kwa chupa angavu. Petroli ya ndege hizi, aina ya 100LL, ni ya buluu; maji hutuama chini yake. Chupa ikiwa na maji matupu, jicho hudanganyika, kwa hiyo hunusa pia. Hudondosha tone karatasini: likikauka na kuacha doa la mafuta, huenda mafuta ya jeti yamechanganyika, na hayo huweza kuiua injini hiyo. Hutikisa mabawa, husubiri, hukinga tena. Hufungua chujio, kisha kabureta, akisaka kutu na chembe za mpira, jua likichoma mgongo. Hakisii.

Chanzo kikipatikana na kuondolewa, hutia sahihi kwenye daftari la ndege. Sisi abiria hupanda kwa sahihi hiyo, bila hata kuuliza ni ya nani.