Njaa Iliyopimwa ya Kuku wa Bresse

Tarehe 1 Agosti 1957 Ufaransa ilitunga sheria kwa ajili ya kuku. Ulinzi wa jina la asili ulikuwa umezoeleka kwenye mvinyo na jibini, na sasa ukapewa ndege wa kufugwa uani. Miaka 21 nyuma, mnamo 1936, mahakama ya Bourg-en-Bresse ilikuwa imeshachora mipaka ya eneo lenyewe, nalo liko mashariki mwa nchi, likigusa wilaya za Ain, Saône-et-Loire na Jura. Kuku aliyefugwa nje ya mipaka hiyo si kuku wa Bresse, hata mama yake awe nani.

Umbo lake huwachekesha Wafaransa wenyewe, maana amevaa bendera yao: kilemba chekundu, manyoya meupe pe, miguu ya buluu. Lakini rangi hizo hazitoi utamu. Weupe wa manyoya ni alama ya damu tu. Nyama inayosifiwa imetokana na mpangilio wa chakula, na humo ndimo ulimo ufundi unaostahili kuchambuliwa.

Kifaranga hulelewa ndani, penye joto, kwa siku zisizozidi 35, na hapo hana tofauti kubwa na kifaranga wa mahali pengine. Siku ambazo broila huwa tayari kwa kisu ndizo ambazo huyu ndiyo kwanza anatolewa nje. Anakutana na uwanja wa majani, angalau mita 10 za mraba kwa kila ndege, na kundi halipaswi kuzidi ndege 500. Humo atakaa wiki zisizopungua tisa.

Bandani hupewa nafaka, hasa mahindi ya eneo hilohilo, pamoja na maziwa au mazao yake. Mchanganyiko huo una wanga mwingi na protini kidogo, na upungufu huo umekusudiwa. Ndege anayekua anahitaji protini. Asipoipata kwenye kihori ataifuata majanini, kwa minyoo, konokono, wadudu na machipukizi. Kwa hiyo mfugaji huwaacha na njaa ya aina moja tu. Tumbo limejaa mahindi, lakini mwili bado unadai kitu, na kudai huko ndiko kunakomtembeza kuku kutwa nzima. Misuli inafanya kazi, inakua polepole, inapata ladha. Ukimwongezea mashudu au unga wa samaki kihorini, atalala kivulini, nawe utakuwa umelipia uwanja mkubwa bure. Wafugaji wa huko huusifu pia udongo wao, mfinyanzi wenye maji na chokaa haba, wakisema ndio unaofanya mifupa iwe myembamba. Mimi naipa njaa uzito mkubwa zaidi.

Kisha mambo yanageuzwa ghafla. Siku za mwisho, kati ya nane na kumi na tano kwa kuku wa kawaida, ndege huingizwa kwenye matundu ya mbao, mahali palipotulia na penye mwanga hafifu. Hatembei tena. Anakula mahindi na maziwa tu. Mwili uliojengwa kwa kukimbia unaanza kuweka mafuta, na kwa kuwa misuli imeshakomaa, mafuta hujipenyeza katikati ya nyuzi za nyama badala ya kurundikana tumboni peke yake. Ndiyo maana minofu ya kifua, ambayo kwa kuku wengi hukauka jikoni, kwa huyu hubaki na majimaji. Hatua hii matangazo huipitia haraka, kwa sababu picha ya kuku majanini inauza kuliko picha ya tundu. Mtu anayepinga kufungia ndege ana hoja, na mtetezi wa Bresse hawezi kumjibu kwa kumwonyesha uwanja.

Kuku wa kawaida huchinjwa akikaribia miezi minne. Tembe ambaye hajaanza kutaga husubiri miezi kama mitano, na jogoo aliyehasiwa husubiri takriban minane. Huyu wa mwisho ndiye fahari ya Desemba. Akishachinjwa na kunyonyolewa kwa mkono, hufungwa katika kitambaa cha kitani na kushonwa kwa nguvu mpaka awe kama gogo, mabawa na miguu vikiwa vimebanwa ndani, kichwa tu kikichungulia. Mbano huo hulaza mafuta sawasawa chini ya ngozi na kuisaidia nyama kuhifadhika. Mashindano ya kuwapanga ndege hao mezani mbele ya waamuzi yalianza Bourg mwaka 1862, na hadi leo mkulima anaweza kushindwa kwa sababu ya ngozi iliyochanika wakati wa kunyonyoa.

Sheria bila alama ingebaki karatasi. Kila ndege hubeba pete mguuni yenye jina la mfugaji, na machinjioni huongezewa lakiri shingoni. Huuzwa na miguu yake, ili mnunuzi aione ile buluu. Mbegu nayo ina mlinzi: kituo cha uteuzi cha Béchanne, Saint-Étienne-du-Bois, hutunza koo za wazazi, na vifaranga hutoka kwenye mashine za kutotolea zilizoidhinishwa. Mfugaji hajitotolei nyumbani. Afrika Mashariki tunaijua njia nyingine ya Wafaransa haohao kupitia Sasso, chotara anayesafiri dunia nzima na kukua popote. Huyo aliumbwa ili ahame. Wa Bresse amewekewa ua wa kisheria ili asihame.

Ua huo una gharama. Bresse haikuwa na kuku weupe pekee. Kulikuwa na wa kijivu wa Bourg na weusi wa Louhans, ndugu wa damu wenye historia yao. Kanuni ilipomchagua mweupe, soko likamfuata, na wale wengine wakabaki mikononi mwa wafugaji wa mapenzi na maonyesho. Mara nyingi mbegu ya zamani huokolewa kwa kuliwa, kwa sababu mlaji ndiye anayelipia mahindi. Wa kijivu na weusi hawana mlaji wa namna hiyo. Wanategemea mtu mmoja mmoja mwenye ua, mashine ndogo ya kutotolea na subira ya kubadilishana majogoo na wenzake ili damu isikaribiane mno.