Daktari wa Wasiosema

Mbuzi akishikwa usiku, mtaa mzima huamka. Kondoo hushikwa, hubebwa begani na kuchinjwa, na jirani asisikie lolote. Ndiyo maana mwizi wa mifugo kule Kinangop humpenda kondoo kuliko mnyama mwingine yeyote, na ndiyo maana nabii Isaya, alipotaka kueleza mateso ya mtumishi wa Mungu, alimtaja mnyama huyuhuyu. Ukimya huo ni wa maisha yake yote. Kondoo mwenye minyoo hulisha na wenzake hadi siku anapoanguka. Mwenye homa hujisitiri katikati ya kundi, kwa kuwa tangu zama za mababu zake aliyeonyesha udhaifu ndiye aliyeliwa na chui. Anayetaka kumtibu hana budi ajifunze kusoma ukimya, na huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu: ufundi wa madaktari wa mifugo wa vijijini, wale wa kizazi kinachotuacha.

Nilimfahamu mmoja wao. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na pikipiki yake ilijulikana kwa mlio kutoka Njabini hadi vijiji vya ukingoni kabisa, pale ardhi inapokatika ghafla na Bonde la Ufa kuonekana chini. Alipofika kwenye boma hakufungua lango. Aliegemea nguzo akatazama. Wenye haraka walinung'unika, maana walimwita atibu, naye amesimama kama aliyekuja kupunga upepo. Lakini wakati huo ndipo alipokuwa kazini. Alitazama nani anabaki nyuma kundi likisogea, nani sikio lake limelala, nani hacheui wakati wenzake wanacheua. Kondoo akishtushwa hujikaza na kuficha kila kitu. Kwa hiyo dakika zile za langoni hazirudi ukishaingia kwa kishindo na kamba mkononi.

Akiisha kuingia, mikono ilichukua zamu. Alivuta chini kope ya jicho: nyama ya ndani ikiwa nyekundu, damu ipo, ikiwa nyeupe, minyoo inainywa. Miaka ya 1990 wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi yenye rangi tano kwa kazi hiyohiyo, mfugaji ailinganishe na jicho la kondoo wake, na ni kadi nzuri sana. Yeye rangi zake alikuwa nazo kichwani. Alipapasa chini ya taya kutafuta uvimbe wa maji. Alinusa pumzi ya kondoo mwenye mimba ya mapacha, kwa sababu akikosa chakula cha kutosha mwishoni mwa mimba mwili wake huanza kujila, na pumzi hutoa harufu tamu isiyo ya kawaida. Wengi wetu tumelala zizi moja na kondoo hao utotoni na hatukuwahi kuinusa.

Nikikumbuka mikono hiyo, naikumbuka zaidi katika kuzalisha. Kuna baridi ya Kinangop ya saa kumi alfajiri ambayo asiyeijua haamini kuwa iko karibu na ikweta. Katika baridi hiyo alivua koti, akakunja shati hadi begani, akanawa kwa sabuni na maji ya moto mpaka kwenye kiwiko, akapiga magoti kwenye majani makavu. Kisha alifumba macho. Ndani ya tumbo la mama kulikuwa na wanakondoo wawili waliosongamana, miguu ya huyu ikiwa imepita shingoni mwa yule, na ukivuta miguu miwili ya wanakondoo tofauti unaua wote watatu. Alianza kwenye ukwato akapanda polepole. Kwenye mguu wa mbele viungo viwili vya kwanza hukunjika upande mmoja. Kwenye mguu wa nyuma hukunjika kinyume. Kwa hiyo kidole kilijua ni mguu gani kabla jicho halijaona chochote. Kutoka goti alikwenda begani, kutoka begani shingoni, kutoka shingoni kwenye kichwa, na alipohakikisha kwamba miguu hii miwili na kichwa hiki ni vya mwili mmoja, ndipo alipomrudisha mwingine nyuma kidogo, akasubiri mama asukume, akavuta pamoja naye. Hakuvuta mama akiwa amepumzika. Alisema anayezaa ni kondoo, sisi tunasaidia.

Na ikitokea mwanakondoo amekufa na jirani ana yatima, alimchuna yule aliyekufa kwa uangalifu, akamvika yatima ile ngozi kama koti, akamsogeza kwa mama aliyefiwa. Kondoo humjua mwanawe kwa harufu. Mama alinusa, akanusa tena, akaacha anyonye. Baada ya siku chache ngozi ilivuliwa, kwa kuwa maziwa yake mwenyewe yalikuwa yameshapita kwa yule mtoto na harufu ilikuwa yake. Wachungaji wa nchi nyingi wanaijua hila hii, na msomaji wa Mwanzo atamkumbuka Yakobo aliyevikwa ngozi za wana-mbuzi mbele ya baba yake kipofu ili apate baraka isiyo yake. Hapa baraka haikunyang'anywa mtu. Aliyefiwa alipata mtoto na asiye na mama alipata maziwa.

Lakini sifa yake kubwa vijijini ilitokana na kondoo waliopotea. Watu walimwita yeye kabla ya kumwita chifu. Nitaeleza kisa kimoja tu. Mama mmoja mjane alikosa kondoo jike, na lawama zote zilimwangukia kijana mchungaji, mtoto wa watu maskini. Walishamkalisha chini, wameshamzaba makofi, na tayari alikuwa ameanza kukiri kosa ambalo hakulifanya ili tu apumzishwe. Daktari alifika, akaegemea lango kama kawaida yake. Kundi lilikuwa limetulia, linacheua. Lau mbwa wangelivamia, sufu ingetapakaa malishoni na wengine wangekuwa na majeraha mapajani, maana mbwa huuma wengi na kuwaacha. Fisi naye angeacha vipande vya mifupa. Hakukuwa na damu wala sufu kwenye seng'enge. Akaingia, akawageuza wawili watatu na kuwapapasa viwele. Vilikuwa vimeanza kujaa.

“Mama,” akauliza, “huyu aliyepotea alipandwa lini?”

Hakuna aliyekuwa ameuliza hilo. Mama akahesabu kwa vidole, miezi mitano kasoro siku chache.

“Basi hajaibiwa. Amekwenda kuzaa. Mwacheni mtoto wa watu, atuonyeshe kichaka cha karibu na maji.”

Kondoo anayekaribia kuzaa hujitenga, hutafuta mahali pa peke yake. Walimkuta kando ya kijito, ndani ya kichaka, na mapacha wawili wakavu na wenye shibe. Yule kijana ndiye aliyewabeba, mmoja kila kwapa. Jumapili iliyofuata waliompiga walimwomba msamaha mbele ya watu, kwa kuwa daktari alikataa kupokea malipo yake kabla ya hilo kufanyika.

Si kila aliyepotea hupatikana akiwa na furaha ya namna hiyo. Kondoo mnene mwenye sufu nzito akilala bondeni huweza kugeuka chali asiweze kuinuka. Gesi humjaa tumboni, miguu hufa ganzi, na jua likiwa kali hufa kabla ya jioni. Phillip Keller, aliyekulia Afrika Mashariki akiwa mtoto wa wamisionari kisha akafuga kondoo Kanada, aliandika juu ya hali hiyo katika kitabu chake cha 1970 kuhusu Zaburi ya 23, na tangu nikisome sijaweza kuisikia sehemu ile ya kuhuishwa nafsi bila kumwona mtu amembana kondoo katikati ya magoti yake, anamsugua miguu mpaka damu irudi.

Ufundi huu wa kutazama na kuuliza umewahi kuokoa zaidi ya kundi moja. Mwaka 1930, chini tu ya miinuko ya Kinangop, kwenye shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, wanakondoo wachanga walianza kufa kwa wingi na majike kutupa mimba. Watafiti Daubney, Hudson na Garnham walitazama walioathirika na wasioathirika, wakaona kwamba wachungaji nao walikuwa wakipata homa, na kwamba kundi likihamishiwa nyanda za juu vifo vinakoma. Mwaka uliofuata dunia ilipata maelezo ya kwanza ya Homa ya Bonde la Ufa. Maabara ilihitajika, bila shaka. Lakini mtu alilazimika kwanza kusimama malishoni na kuona ni wapi kondoo hawafi.

Leo kila kituo cha matatu kina duka la agroveti. Mtu hueleza ugonjwa kwa simu, hupewa chupa na bomba la sindano, hurudi nyumbani akamchoma kondoo ambaye hakuna aliyemvuta kope. Akipona, sindano imesifiwa. Akifa, amekufa kondoo. Dawa ya minyoo hunyweshwa kundi zima kwa kukisia uzito, nusu dozi mara nyingi, na sasa tuna minyoo isiyoiogopa. Sisemi dawa ni mbaya; mzee yule alishukuru kila dawa iliyomfikia. Nasema tumenunua dawa tukauza jicho.

Wala simlaumu kijana anayehitimu udaktari wa mifugo kule Kabete. Serikali ilipoanza kujiondoa katika tiba ya mifugo, mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuingia miaka ya 1990, mshahara uliomwezesha mtu kusimama langoni ulianza kutoweka. Mfugaji hulipa akiona chupa. Hajazoea kulipia saa nzima ya mtu kutazama kundi na kusema kwamba hawa hawahitaji dawa, wahitaji malisho mengine. Kijana anakula kwa idadi ya chupa alizouza, na hiyo saa moja ya langoni ingemnyima chakula cha jioni. Nimemwona akija na pikipiki nzuri kuliko ya mzee, injini haizimwi, sindano iko tayari, na kondoo wameshatawanyika kabla hajashuka.