Kulifuata Neno Kwao

Katika sura ya pili ya Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë ya mwaka 1847, mgeni anafika theluji ikianza kuanguka, anagonga mlango, hafunguliwi. Mtumishi mzee, Joseph, anatoa kichwa kwenye dirisha la duara la ghala na kumwambia kwamba bwana yuko zizini. Akimtaka, azungukie mwisho wa laith. Kamusi ya kawaida ya mezani haikusaidii hapo, maana neno hilo halimo.

Mwenye haraka huliruka, au hulikisia kwa sauti. Linafanana na lathe, mashine ya kukerezea, na kwa kisio hilo msomaji wa tafsiri anapelekwa kwenye karakana ambayo Brontë hakuijenga. Fundi wa kweli hurudi juu mistari michache. Joseph yuko wapi anaposema? Ghalani. Mgeni anaelekezwa wapi? Zizini. Basi jengo linaloweza kuzungukwa baina ya mlango wa nyumba na zizi ni lipi? Maana imekwisha kuchomoza, na bado hajafungua kitabu kingine. Lakini haandiki kwanza. Anatafuta shahidi.

Shahidi huyo ni Joseph Wright, na kila nikimfikiria moyo hujaa shukrani. Alizaliwa mwaka 1855 karibu na Bradford, si mbali na Haworth, kijiji cha akina Brontë. Akiwa na miaka sita alikuwa tayari akiongoza punda kwenye machimbo ya mawe, kisha akaingia kiwanda cha nguo, na hakujua kusoma mpaka alipokaribia miaka kumi na mitano. Mtu huyu ndiye aliyekuja kuwa profesa Oxford na kuhariri English Dialect Dictionary, juzuu sita zilizotoka kati ya 1898 na 1905. Maneno ya kwao, ambayo wasomi wengi waliyaona kama Kiingereza kilichoharibika, aliyapa heshima ileile ya maneno ya mahakamani na bungeni. Chini ya kila kidahizo aliweka wilaya kwa vifupisho, kama w.Yks. kwa Yorkshire ya magharibi, kisha maana, kisha mifano ya matumizi pamoja na mahali ilikotoka. Ukifika kwenye laith unaambiwa: ghala la shambani. Neno lilikuja kaskazini ya Uingereza na watu wa Skandinavia, likabaki midomoni mwa wakulima karne na karne bila kuomba ruhusa ya London.

Charlotte Brontë alipohariri upya riwaya ya ndugu yake mwaka 1850, aliilainisha tahajia ya maneno ya mtumishi Joseph ili wasomaji wa kusini wayaelewe. Ninaelewa sababu yake, ila sikubaliani naye. Msomaji asiyeelewa neno anaweza kulitafuta. Lililofutwa hana pa kulitafutia.

Marekani nako watunga kamusi walijua hivyo. Kati ya 1965 na 1970, watafiti waliotumwa na Frederic Cassidy wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walizunguka jamii 1,002 wakiwauliza wenyeji vitu vya nyumbani na mashambani wanaviitaje. Kwa mfano, mjini Akron, Ohio, ukanda wa majani kati ya barabara na njia ya waenda kwa miguu huitwa devil strip, jina ambalo nje ya eneo lile watu wengi hawalijui kabisa. Huwezi kulipata kwa kukaa ofisini.

Kwetu sisi tunaofasiri kazi haiishii kwenye maana. Ghala ni sahihi kwa laith, lakini yule mtumishi mzee wa Brontë hasemi kama bwana wake. Wako watakaompa Kipemba au Kimakunduchi ili tofauti isikike. Mimi nisingethubutu, kwa kuwa msomaji atasikia Unguja na Pemba katikati ya theluji ya Yorkshire. Ningempa ghala lake, kisha ningemfupishia sentensi, nimwondolee kila neno la adabu, na kumwacha amfokee mgeni.