Heko kwa Madereva wa Barabara ya Zambia

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walijitangazia uhuru, na muda si mrefu Zambia ikakatiwa njia ya mafuta iliyopitia huko. Malori kutoka Dar es Salaam yakaubeba mzigo huo: mapipa kwa mapipa, zaidi ya kilomita 900 hadi Tunduma mpakani, sehemu kubwa vumbi tupu, na masika yakiingia, tope la kumeza tairi.

Simu ya mkononi haikuwapo. Dereva alimsimamisha mwenzake anayetoka bara, akamuuliza daraja gani limechukuliwa na maji. Matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani yalitosha kusema: punguza mwendo, mbele kuna gari bovu. Mlima Kitonga ulishukwa kwa gia nzito, utingo akiwa tayari na kigogo cha kuzuia tairi. Springi ikikatika, fundi ni dereva mwenyewe. Spea ikikosekana, ujumbe ulipelekwa na lori linalorudi Dar, dereva na utingo wakalala chini ya gari wakisubiri.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, reli ya TAZARA ikafuata. Kabla ya hapo, Zambia, ngome ya wapigania uhuru, ilitegemea mikono ya watu hawa. Tunapowataja mashujaa wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, tuwataje na madereva na utingo wao.