Kuzidisha Rahisi, Kubeba Ghali

Tangazo la chipu ya akili bandia halikosi namba moja: hesabu trilioni ngapi kwa sekunde. Namba hiyo si ya uongo, ila yenyewe haitoshi. TPU ya kwanza ya Google, chipu ya aina hiyo iliyoingia kazini katika vituo vya data vya kampuni hiyo mwaka 2015, inaonyesha kwa nini. Mwaka 2017 Norman Jouppi na wahandisi wenzake waliianika hadharani, mafanikio yake pamoja na mahali ilipokwama. Kote kuwili, mwamuzi alikuwa kumbukumbu.

Tuanze na gharama. Mwaka 2014 Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa jedwali la nishati inayoliwa na kazi mbalimbali katika teknolojia ya nanomita 45. Kuzidisha namba mbili za biti 8 hula takriban pikojuli 0.2. Kuchota biti 64 kutoka DRAM, yaani kumbukumbu kuu iliyo nje ya chipu, hula pikojuli 1,300 hadi 2,600. Piga hesabu ya baiti moja moja: kuileta tu kunagharimu zaidi ya kuizidisha mara 800. Na mtandao wa neva, ukiuvua mapambo yote, ni kuzidisha na kujumlisha mamilioni ya namba za uzito zilizotokana na mafunzo. Kwa hiyo swali la mbunifu ni hili: baiti ikishafika, itatumika mara ngapi kabla ya kuachwa?

Jibu la kwanza la TPU lilikuwa gridi ya vizidishi 256 kwa 256, jumla 65,536, vinavyokwenda kwa megahezi 700. Mpango wenyewe ni wa miaka ya 1970, kazi ya H. T. Kung na Charles Leiserson. Kila namba ya uzito hutulia kwenye kizidishi chake. Data huingia kutoka ubavuni na kupokezwa kizidishi hadi kizidishi, huku majumlisho yakishuka chini. Baiti ya data husomwa mara moja, ikatumika mara 256. Faida yake si kasi peke yake, kwa sababu hata kusoma kumbukumbu kubwa iliyo ndani ya chipu hula umeme mwingi kuliko kuzidisha. Kadiri inavyosomwa mara chache, ndivyo wati zinavyookolewa.

Kumbukumbu hiyo ya ndani ndiyo iliyopewa eneo kubwa. Bafa ya mebibaiti 24 ilichukua asilimia 29 ya silikoni. Gridi ya vizidishi ilipata 24, na mitambo ya udhibiti ikaambulia 2. Hapakuwa na kache inayobahatisha kipi kitahitajika. Programu ndiyo iliyopanga kila kitu mapema. Ukubwa wa bafa ulichaguliwa kwa sababu za kivitendo: ilingane na upana wa gridi kwenye silikoni, na irahisishe kazi ya kompaila.

Namba za uzito hazikuenea humo. Ziliwekwa nje, kwenye gibibaiti 8 za DRAM ya aina ya DDR3 zinazopitisha gigabaiti 34 kwa sekunde. Gridi nzima hujazwa na baiti 65,536. Kwa kasi hiyo, kuzileta huchukua takriban mikrosekunde 1.9, na katika muda huo saa ya chipu imeshapiga karibu mara 1,350. Kila pigo, gridi humeza safu moja ya data. Maana yake, ili isikae bure ikingoja shehena inayofuata, lazima iwe na safu kama 1,350 za kupitisha kwenye namba zile zile za uzito.

Wahandisi waliijua namba hiyo, na alama yake imo ndani ya chipu. Kumbukumbu ya kupokea majumlisho ina safu 4,096. Walichukua 1,350, wakaipandisha hadi 2,048, kisha wakaizidisha mara mbili ili nusu moja ijazwe wakati nyingine inamwagwa. Kila safu ina namba 256 za baiti 4, na jumla ni mebibaiti 4 kamili.

Kazi halisi, hata hivyo, hazikufika huko. Mmoja wa mitandao yao, wenye tabaka zilizounganishwa kikamilifu, uliendeshwa kwa makundi ya maombi 200, kila ombi likileta safu moja. Gawanya 200 kwa 1,350, upate asilimia 14.8. Asilimia 14.8 ya uwezo wa chipu wa hesabu trilioni 92 kwa sekunde ni kama trilioni 13.6. Vipimo vilionyesha 12.3. Mtandao mwingine, wa aina ya LSTM, ulitumia makundi ya 64: hesabu inatabiri 4.4, vipimo vikatoa 3.7. Ni mafundi elfu wanaoletewa matofali kwa baiskeli.

Mtandao mmoja wa picha ulifika trilioni 86, kwa kuwa namba zile zile za uzito hutumika tena na tena kila pembe ya picha. Lakini mitandao ya aina hiyo ilikuwa asilimia 5 tu ya kazi za mitandao ya neva katika vituo hivyo. Na kukuza makundi hakukuwa rahisi: mtumiaji anasubiri jibu, na ule mtandao wa kwanza ulitakiwa kujibu maombi 99 kati ya 100 ndani ya milisekunde 7.

Baadaye walijaribu kwenye karatasi marekebisho mbalimbali. Kuharakisha saa hakukusaidia kwa wastani. Kupanua gridi kulishusha ufanisi kidogo. Kubadili DDR3 kwa GDDR5, yenye kasi zaidi ya mara 5, kungeongeza kazi inayofanyika mara 3. Hata hivyo sioni haki ya kuwalaumu: walikuwa na miezi 15 tu, na chipu yao iliwapita washindani wa wakati huo kwa mara 15 hadi 30. Toleo la pili, la mwaka 2017, lilihamia HBM, kumbukumbu yenye kasi karibu mara 20 ya ile DDR3.

Kanuni hiyo haijabadilika. Chukua modeli ya lugha yenye namba za uzito bilioni 7, baiti moja kila namba, kwenye kompyuta ambayo kumbukumbu yake hupitisha gigabaiti 50 kwa sekunde. Kila kipande cha neno kinachoandikwa hudai namba zote bilioni 7 zisomwe upya, kwa hiyo dari ni vipande 7 kwa sekunde. Ongeza vizidishi maradufu, bado ni 7. Punguza kila namba ya uzito hadi biti 4, na dari inapanda hadi 14.